Ziara ya miguu katikati ya Dar na wanafunzi 30: tupite wapi?

Mwalimu_Temeke
Wakuu, habari za leo. Nina wanafunzi 30 wa kidato cha tatu na Jumamosi moja asubuhi. Nataka waone majengo ya kale ya mjini na wajue ni akina nani waliishi Dar. Tuanzie wapi tusirudie njia? Na ni mambo gani huharibu ziara kama hii?

Mzizima65
Mwalimu, anzeni Boma la Kale, kona ya Sokoine Drive na Barabara ya Morogoro. Sultani Majid alilijenga 1866–67 kwa ajili ya wageni wake. Fuateni Sokoine mpaka Kanisa la Mtakatifu Yosefu, kisha kanisa la Kilutheri la Azania Front. Yote mawili yalikamilika 1902. Pandeni Mtaa wa Azikiwe hadi Sanamu ya Askari. Hapo ndipo Wajerumani walipomsimamisha gavana wao Wissmann. Waingereza wakamwondoa, na askari huyu akazinduliwa 1927. Singe yake imeelekea bandarini, na maandishi yana Kiswahili, Kiingereza na herufi za Kiarabu. Wape kazi ya kuyalinganisha.

Tatizo ni kwamba Askari yuko katikati ya mzunguko wa magari. Vusha kumi kumi, wengine wabaki pembeni ya barabara. Toka hapo nyoosheni na Barabara ya Samora hadi Bustani ya Mimea na Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Makumbusho iwe ya mwisho, maana jua litakuwa kali na watahitaji kivuli. Ikulu msiipige picha kabisa, hata kwa mbali. Simu zikianza kukaguliwa, ratiba imekufa.

FundiChokaa
Msilipite Boma haraka. Waonyeshe ukuta kwa karibu: ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na ukuta wa namna hiyo unapumua. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, inavimba, halafu inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Majengo mengi ya kale ya pwani yameharibiwa na mkarabati kuliko mvua. Na wakiuliza kwa nini vyumba vya nyumba za zamani za pwani ni vyembamba, jibu ni boriti: mkoko haubebi dari pana sana, kama mita tatu hivi.

Bi_Gerezani
Kuhusu watu, mwanangu, majina ya mitaa yasiwapotoshe. Azikiwe alikuwa rais wa kwanza wa Nigeria, na Shaaban Robert ni mtu wa Tanga. Wa hapa hapa ni Bibi Titi Mohamed, mpigania uhuru aliyezaliwa Dar 1926. Edward Tingatinga alichorea Oysterbay, Morogoro Stores. Eduardo Mondlane aliiongoza Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa jijini humu 1962, akauawa kwa bomu Oysterbay tarehe 3 Februari 1969. Na jengo la soko la Kariakoo limesanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli. Hilo wanafunzi wengi hawalijui na inaniuma.

Mwalimu_Temeke
Shikamoo Bi. Nyumba ya Mwalimu Nyerere ya Magomeni tutaiwahi?

Bi_Gerezani
Marahaba. Mkitoka makumbusho kabla ya saa sita, mnaiwahi. Pandeni mwendokasi Kivukoni, mshuke Usalama, muulize Mtaa wa Ifunda. Alihamia Magomeni baada ya kuacha ualimu Pugu 1955. Piga simu siku mbili kabla: nyumba ni ndogo, 30 hawaingii kwa mara moja.