Babu anakataa tableti ya picha za zamani, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Naishi na babu hapa Chamwino, umri umeenda na kumbukumbu zinaanza kumpotea. Nimemwekea kwenye tableti picha za familia na ngoma za Kigogo, za zeze na ilimba, ala za jadi. Ngoma hana shida nazo: anatikisa mabega, anasimulia walivyohamishiwa vijiji vya ujamaa enzi za Operesheni Dodoma, 1971. Ugomvi ni kioo cha tableti. Vidole vyake vimekauka kwa jembe, akigusa hakisikii, basi anasema kina dharau. Ikitokea picha ya marehemu bibi anakigeuza kifudifudi. Huzuni au imani, sijui, naogopa kumuuliza.

Nisafishe picha studio ziwe za karatasi, nimwachie redio ya flashi tu? Au mjukuu awe anamshikia tableti? Mliouguza wazee, mlifanyaje?