Nimeshushwa kwenye chhakdo kwa ajili ya GUNIA LA KARANGA!!

Wakuu, naandika nimevua viatu, vidole vinatoa moshi. Mliosoma Rajkot, huku Gujarat, India, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule dereva wa sharubu na redio, anayeegesha njia panda chini ya mti. Ndiye.

Mwenzangu wa chumba kanialika kwao kijijini, harusi ya dada yake. Kijiji chenyewe ukipiga chafya mwanzoni, wa mwisho kabisa anakuambia pole. Watu mia sita ukijumlisha na ng'ombe. Basi la serikali haliingii kabisa. Takwimu zao za sensa nilizisoma kabla: usafiri wa basi upo "ndani ya kilomita 5 hadi 10". Nikafurahi kama mjinga. Kumbe hizo kilomita ni za miguu yako.

Kwa msiofika: chhakdo mbele ni pikipiki, nyuma mkokoteni, mlio kama mashine ya kusaga. Tumesubiri saa nzima na nusu ijae. Nikahesabu watu 21, halafu mtu akakalia mkono niliokuwa nahesabia.

Nusu ya njia, jua la saa saba, jamaa anasimama. Mkulima na gunia lake la karanga. Dereva anatukagua wote, anakuja kwangu mbio. Shuka. Kisa? Wengine wote wanaenda kijiji kikubwa, wa kile kidogo ni mimi tu, kukata kona kwa kichwa kimoja hakumlipi. Gunia likakaa pangu, pangu bado pana joto! Na akalifunga kamba lisidondoke. Mimi tangu njia panda nilikuwa nimeshikilia sikio la mzee!

Nikamwita "kaka", maana Kigujarati nacho kina kaka, ni baba mdogo. Baba mdogo gani anakushusha kwa gunia la karanga? Nauli hakurudisha. Nimetembea na suti. Gunia limekaa.

Mzaramo_Mkimya: Lilikuwa kilo ngapi? Tuanzie hapo.

BintiVadodara: Nimecheka mpaka mwenye nyumba kagonga mlango. Huyo mimi alinishusha kwa ajili ya mbuzi. Wewe shukuru umepata gunia.

KipimaJoto: Chai. Watu 21 wapi?

Mleta uzi: Hujafika huku Saurashtra, upande wetu huu wa Gujarat, tulia.

MtuWaRamani: Shida ni idadi ya watu. Mpango wa India wa barabara za vijijini ulianza Desemba 2000, ukalenga makazi ya watu 500 na zaidi nchi tambarare. Milimani, jangwani na kwenye maeneo ya makabila, 250. Lami wanapewa, gari la kupita juu yake ni juu ya mwenye gari, naye anahesabu vichwa. Tena sensa ya 2021 iliahirishwa, takwimu ulizosoma ni za 2011.

Mzaramo_Mkimya: Nani kamwita mhadhiri?

Mleta uzi: Mkuu, mimi nimeshushwa kwa gunia. LA KARANGA.

Konda_Mstaafu: Mnalia na India, Mbagala hujawahi kuambiwa "gari inageuza"? Inageuza kwenda wapi, Mungu ndiye anajua.

KipimaJoto: Na nauli umeshalipa!

BintiVadodara: Afadhali nyie. Mesi yetu ni dengu Jumatatu mpaka Jumatatu. Naota ugali.

Mla_Dona: Dada, unga upo. Dukani sema "makai no lot", ndio unga wa mahindi kwa Kigujarati.

BintiVadodara: Niliununua. Ukawa uji wa njano.

Mla_Dona: Maji hayakuchemka.

Konda_Mstaafu: Yalichemka, unga wao ndio laini mno, ule ni wa mikate.

Mleta uzi: Wakuu, tunarudi kwenye gunia?

Mla_Dona: Subiri kwanza. Dada, mwiko uliupata wapi?