Docker inagoma kwenye Linux Mint 22, wilma ni nani?

Swali
Wakuu, habari za usiku. Nina ThinkPad ya mtumba, juzi nimeiwekea mfumo endeshi wa Linux Mint 22. Nikafuata maelekezo ya kuongeza hazina (ghala la mtandaoni la kushushia programu) ya Docker, programu ya kuendesha makontena, kwenye Ubuntu, maana nimezoea kusikia Mint ni Ubuntu iliyobadilishwa nguo tu. Kila nikipiga `sudo apt update` (kusoma upya orodha za hazina) napata 404, yaani haipatikani, eti hazina ya "wilma" haina faili la Release. Nimefuta na kurudia mara tatu, na bando ndilo hilo linakata. Huyu wilma katokea wapi?

Jibu 1
Wilma ndilo jina la utani la toleo lako la Mint 22, mkuu. Docker hawamjui, folda zao zina majina ya Ubuntu. Piga `cat /etc/os-release`, angalia mwishoni: VERSION_CODENAME=wilma, halafu UBUNTU_CODENAME=noble, yaani Ubuntu 24.04. Amri uliyonakili imeokota jina la kwanza. Fungua `/etc/apt/sources.list.d/docker.list` kwa nano, futa wilma, andika noble. Mimi yalinikuta enzi za Mint 21, huyo wangu aliitwa vanessa, nikakesha nikidhani ni mtandao.

Ila ukija kuhamia LMDE, ile Mint ya Debian, usiandike noble. Ile imetoka Debian moja kwa moja bila kupitia Ubuntu, hata anwani ya hazina inabadilika.

Jibu 2
Kwani `sudo apt install docker.io` ina ubaya gani? Imo humohumo kwenye hazina za Mint. Toleo laweza kuwa nyuma kidogo, lakini hazina ya nje ukishaikaribisha, vifurushi vyake vinasakinishwa kwa mamlaka ya root, mwenye ruhusa zote za mashine. Mimi simpi kila mgeni funguo za nyumba.

Muuliza swali
Mwalimu wa kozi anataka docker-ce, kifurushi cha Docker wenyewe, sina ujanja. Noble imekubali, 404 imeondoka, sasa inalia NO_PUBKEY 7EA0A9C3F273FCD8, eti haioni ufunguo.

Jibu 1
Huo ni ufunguo wa Docker wa kuhakiki hazina yao. Kwenye mstari wako wa docker.list, signed-by (inayotaja faili la ufunguo) inaelekeza wapi, na ndani ya `/etc/apt/keyrings` kuna nini?

Muuliza swali
Aisee. Mstari unasema docker.asc, folda ina docker.gpg. Nilichanganya maelekezo ya kurasa mbili. Nimesahihisha jina kwenye mstari, apt update imepita kimya. Nashusha sasa, bando likibaki.