Taa ya nanga juu ya mlingoti imezima, naombeni ushauri kabla sijapanda Jumamosi

Kaskazi_10
Habari za jioni wakuu. Nina mashua ya matanga ya urefu wa mita 10, iliundwa 1978, nimeinunua mwaka jana. Taa ya nanga iliyoko kileleni mwa mlingoti imekufa. Ni ya kizamani, balbu ya wati 10. Nataka kuweka LED. Swali langu ni moja tu: niweke balbu ya LED kwenye tundu lile lile au nibadilishe taa nzima? Nikitia nanga silali, kila saa natoka kuangalia kama kuna chombo kinanijia gizani. Jumamosi napanda, kwa hiyo naombeni majibu mapema.

MwanaTezi
Badilisha taa nzima mkuu. Wati 10 kwa volti 12 ni ampea 0.8 na kidogo, usiku wa saa 12 umeshakunywa ampea-saa 10 za betri. LED ya wati 2 haifiki robo ya hapo. Kioo cha taa ya zamani kilichongwa kwa ajili ya uzi wa balbu ya zamani, ukipachika LED humo mwanga unaweza kwenda kombo. Taa ya nanga inatakiwa ionekane pande zote, nyuzi 360, na kwa mashua yako ionekane kutoka maili 2 za baharini. Halafu angalia isije ikakuletea kelele kwenye redio ya VHF. Antena yako iko hapo hapo kileleni, na LED za ovyo zinaiziba chaneli 16, ile ya wito wa dharura, kabisa.

Bahari Haina Mwenyewe
Kwani lazima? Mimi nina kimashua changu sijawahi kuweka taa ya nanga.

MwanaTezi
Kama kiko chini ya mita 7 na hulali kwenye njia ya vyombo wala maegesho yao, sheria inakusamehe. Yeye ana mita 10.

Fundo Imara
Mwenye uzi, taa tuiweke pembeni kwanza. Nani anakuvuta juu?

Kaskazi_10
Ninaye msaidizi.

Fundo Imara
Msaidizi ndiye nani? Na henza, hiyo kamba ya kupandishia tanga utakayovutwa nayo, ina umri gani?

Kaskazi_10
Ni kijana wangu, ana miaka 13 lakini ana nguvu na ni msikivu. Henza ni ile niliyoikuta nayo. Wiki iliyopita nilipanda nayo hadi nusu ya mlingoti, haikutoa hata mlio. Kiti cha kupandia nimeshanunua, taa mpya nayo nimeshanunua. Juzi upepo ulipogeuka usiku ile ya zamani ikawaka yenyewe kama dakika mbili, nikafurahi, ikazima tena. Nimechoka nayo. Naomba turudi kwenye swali.

Mzee Ngama
Mwanangu, mimi nilipanda mlingoti nikiwa kijana, kiti nimekifunga kwa kile kibano cha chemchemi kilichoko mwisho wa henza. Kule juu nikajipinda kufikia skrubu, pini ya kibano ikakwaruza mlingoti ikafunguka. Nilisikia tu "tik". Kilichonibakisha ni kamba ya pili aliyonilazimisha marehemu kaka yangu. Nilining'inia nimekumbatia mlingoti, bisibisi ikaanguka na kutoboa sitaha. Toka siku hiyo kiti nakifunga kwa fundo la kitanzi, kibano sikiamini, na kamba ya pili lazima. Mtoto wa miaka 13 usimtwike roho ya baba yake. Akikushusha vibaya atalibeba hilo maisha yake yote.

Kaskazi_10
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Nitatumia fundo. Ila kijana nimemfundisha winchi mwenyewe, anaiweza.

BintiHenza
Kaka, hizo nyaya za chuma zinazoshikilia mlingoti zina umri gani? Umezikagua?

BintiHenza
Naona umejibu wengine wote, langu umeliruka.

Kaskazi_10
Sikutaka kulileta hili maana najua mtalikuza. Waya wa juu wa upande wa kulia, pale chini unapoingia kwenye chuma chake, uzi mmoja umekatika. Umenichana kidole nilipokuwa nafuta chumvi. Waya una nyuzi 19, zimebaki 18. Nimepiga hesabu, mimi nina kilo 78, haiwezi kuwa shida.

Fundo Imara
Hesabu hiyo haipo mkuu. Uzi mmoja ukikatika kwa uchovu wa chuma, wale 18 wamefanya kazi miaka ile ile, na kutu iko ndani ya chuma usikokuona. Waya huo umeshakufa. Usipande. Hata tanga usipandishe.

Pwani Shwari
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai. Mwanzo kasema taa imekufa. Chini huku kasema juzi imewaka yenyewe. Taa iliyokufa inawakaje? Mara mtoto, mara waya umekatika, kila akibanwa anaongeza kipande. Mlete picha ya mashua tuione.

Bahari Haina Mwenyewe
Hata mimi nilihisi. Picha kwanza.

BintiHenza
Subirini jamani. Hapo kwenye kuwaka ndipo kwenye jibu. Kama inawaka mashua ikiyumba, balbu ni nzima, kuna kiungo kimelegea. Kaka, anzia chini, kwenye mwashiri, pale mlingoti unaposimamia, waya wa taa unapotoka mlingotini. Sehemu hiyo inashinda kwenye unyevu wa ngama, yale maji yanayotuama chini ya chombo. Pima volti taa ikiwa imewashwa, maana bila mzigo hata waya uliooza utakusomea 12.

Kaskazi_10
Sina sababu ya kutunga. Nilificha waya kwa sababu niliogopa kuambiwa msimu umekwisha.
Dada, nimefanya ulivyosema. Kiungo kimejaa unga wa kijani. Upande wa swichi volti 12.4, upande wa mlingoti 6. Nimekata, nikachuna ganda, shaba ndani ni nyeusi kama mkaa. Nimekata tena na tena, weusi unaendelea hadi waya unapozama mlingotini. Nilipounganisha upya taa imewaka, hafifu. Kijana ndiye aliyeniita nje niione.

BintiHenza
Basi waya wa ndani nao umekwisha, taa mpya isingekusaidia. Ukivuta mwingine, chukua wa shaba iliyopakwa bati, na uangalie chanya na hasi, LED nyingi ukizigeuza haziwaki.

MwanaTezi
Na kwa sasa tundika taa nyeupe ya kuonekana pande zote huko omo, mbele ya mashua, mita mbili tatu juu ya sitaha. Sheria inataka iwe mahali inapoonekana vyema, haikutaja kilele. Wenye mashua ndogo wanaiona hiyo upesi kuliko ya kileleni, kwa sababu wao hawaangalii juu.

Kaskazi_10
Nimetundika. Nimeiendea na mtumbwi kwa mbali, inaonekana pande zote. Naulizia kreni ya kushusha mlingoti, nyaya zote za chuma zibadilishwe chini kwa chini, na waya wa taa humo humo. Jumamosi sipandi.

Mzee Ngama
Marahaba. Ukishaushusha mlingoti, nipigie picha kapi la henza la kileleni. Nataka kuona ulining'inia kwenye nini wiki iliyopita.