Naomba ushauri: kasuku wangu aliyetoroka anataka kutaga nje

Habari zenu ndugu. Kasuku wangu jike, yule wa kijani mwenye mkia mrefu, alitoroka miezi mitano iliyopita. Sasa yuko na dume mwenye mkufu mweusi shingoni, wamechukua shimo la kigogota mtini. Ni yeye, pete ya mguuni naiona. Nimetundika tundu lake na alizeti, nikampigia mluzi wetu: anageuza kichwa, ananitazama, kisha anaingia shimoni. Inaniuma sana.

Hofu yangu ni makinda: wakizaana huko nje watazidi kuongezeka. Mjini Brussels, Ubelgiji, kasuku kama hawa waliachiwa wachache mwaka 1974, leo ni maelfu, na hugombania mashimo na ndege wa pale.

Je, nimtege sasa kabla hajataga? Na nitoe taarifa kwanza idara ya wanyamapori?