Tupeane uzoefu: safari ya gari Malindi hadi Lamu, na kuzungukia Tsavo

Mtoto wa Sabaki
Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Jana jioni nimesimama karibu na daraja la Sabaki, basi la Lamu likapita, magodoro yamefungwa juu, watoto wanachungulia madirishani. Moyo ukanishtuka. Miaka yote mimi barabara hii naijua kwa kazi tu, kupeleka mizigo Garsen na kurudi. Wanangu wamezaliwa Malindi lakini bonde la Marafa hawalijui, magofu ya Gede hawajaingia, Lamu wanaiona kwenye kalenda.

Likizo ya Desemba nataka tutoke: mimi, mke wangu, watoto, na mamangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Mpango wangu ni Mambrui na Marafa kwanza, kisha tushike njia ya Garsen, Witu, hadi gati ya Mokowe, tuvuke kwa boti kisiwani Lamu. Tukirudi tupitie Gede na Watamu, na pesa zikibaki tuingie Tsavo Mashariki kwa lango la Sala. Gari ni Probox, mzima. Mliopita njia hizi nipeni uzoefu wenu, hasa ule mbaya, niujue mapema.

Mkaazi wa Barani
Nafuatilia hapa. Nina mpango kama huo na mama mkwe wangu.

Shamba la Korosho
Kaka, Gede usiiweke mwisho wakati watoto wamechoka. Ni mwendo mfupi tu kutoka Malindi, ifanye siku yake peke yake, mfike mlango ukifunguliwa, kabla jua halijapanda. Watafutie lile kaburi lenye tarehe, 802 Hijria, yaani mwaka 1399. Mpwa wangu aliligusa akauliza huyu aliyezikwa alikuwa anakula nini, tukaenda kuvitazama visima tukakaa pale mpaka mchana. Ndizi msizitoe kwenye mfuko hata moja, kima wa pale wanapokonya mkononi. Na hapo hapo kuna Kipepeo, wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo na vifukofuko vyake vinauzwa ng'ambo. Watoto wangu walipenda hapo kuliko baharini.

Nyari Kwetu
Marafa ni kwetu kwa hivyo nisikilizeni. Nendeni jioni. Saa kumi unaanza kushuka, saa kumi na moja na nusu ukuta wote wa udongo unageuka, mwekundu, wa manjano, mweupe, kila tabaka na rangi yake. Mchukueni kijana wa pale awaongoze na mumlipe vizuri, atawapa hadithi ya familia ile ya matajiri waliokuwa wakioga maziwa ya ng'ombe mpaka Mungu akakasirika, kijiji kizima kikadidimia. Bibi yangu aliisimulia akiwa ameshika kata ya maji, na hakuna aliyethubutu kumwaga hata tone. Mchana msiende. Mle chini hakuna upepo.

Asiyelala
Jioni utarudi Malindi saa ngapi na mama mzee, gizani, na ng'ombe wamelala barabarani? Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baridi, hakuna watu, unatoka saa tatu unakunywa chai Mambrui.

Nyari Kwetu
Asubuhi hizo rangi huzipati. Umewahi kushuka wewe au umetazama kutoka juu ukaondoka?

Asiyelala
Nimeshuka kabla hujapata simu. Rangi zipo asubuhi pia. Nyinyi mnataka watu walale kwenu mpate wageni.

Nyari Kwetu
Na wakilala kwetu kuna ubaya gani? Mwaka mzima watalii wanapigwa picha, wanarudi kulala ufukweni, Marafa inabaki na vumbi. Mwenye mama mgonjwa wa magoti kulala ndiyo jibu lenyewe. Na bibi asishuke bondeni, pale juu ukingoni anaona yote akiwa kwenye kiti.

Mama wa Mapacha
Nilikuwa nasoma tu lakini nilipoona neno Garsen mikono imeanza kutetemeka, wacha niandike.

Novemba 2023, ile mvua ya El Niño. Mdogo wangu anaolewa Lamu, mimi ndiye niliyebeba nguo zake kutoka kwa fundi wa Malindi, sanduku zima, na kikapu cha halua. Pacha mmoja nimemwacha kwa bibi yake, mwingine nimembeba kwa sababu alikuwa ananyonya bado. Tumeondoka Malindi jua linawaka, wallahi hakuna wingu. Garsen tumepita vizuri. Kufika sehemu za Gamba, malori yamepanga foleni mpaka huoni mwisho wake. Mto Tana umeingia barabarani. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanapita juu ya lami kwa kasi, yanabeba majani, mabua ya mahindi, kuku mmoja amesimama juu ya mlango wa mbao anapita mbele yetu kama abiria.

Tumelala ndani ya basi. Usiku mbu, na mwanangu akaanza homa. Dawa ya homa iko kwenye sanduku, sanduku liko chini ya mizigo ya watu wote. Nikashuka nikaenda kwenye nyumba iliyokuwa na taa, mama mmoja wa Kipokomo akafungua mlango kabla sijapiga hodi ya pili. Hakuniuliza jina. Akachukua leso yake akailowesha, akamfunika mtoto kichwa, akanikalisha kwenye mkeka akanipa uji. Alikuwa na watu wengine mle ndani ambao nyumba zao zilikuwa tayari zimeingia maji.

Asubuhi vijana wameleta boti za kuvusha watu. Ikafika zamu yetu. Mtoto nimemfunga kifuani kwa leso mbili. Tumefika katikati, mashine ikanasa majani, ikazima. Boti ikaanza kutoka kwenye mstari wa barabara. Mnaujua ule mstari? Unauona kwa sababu ya vile vijiti vya pembeni tu, ukiviacha uko mtoni. Maji yakatuvuta upande wa mashamba, kila mtu anapiga kelele, mzee mmoja anasoma Yasini kwa sauti. Nahodha alikuwa kijana mdogo, ndevu hazijaota. Akaruka mbele akashika pondo, akaikita chini, pondo ikapinda mpaka nikasema imevunjika. Akaishikilia. Mwenzake ameingia majini mpaka kifuani ameshika kamba. Wametuburuta hivyo, pondo kwa pondo, mpaka kwenye lami. Nilipotia mguu pale sikuweza kusimama, nilikaa kwenye barabara na mtoto.

Sanduku lilikuwa kwenye boti ya nyuma. Boti ilifika, sanduku halikufika.

Mkaazi wa Barani
Subhanallah!! Mtoto alipona?

Shamba la Korosho
Dada pole sana. Mtoto je?

Bint Langoni
Na harusi? Bibi harusi alivaa nini?

Mama wa Mapacha
Mtoto alipona alhamdulillahi, Lamu tulimfikisha hospitali siku hiyo hiyo ya boti, usiku. Yuko hapa anavuta simu nikiandika. Harusi ilifanyika. Majirani wa mtaa mzima walifungua makabati, huyu kanzu, huyu dhahabu, huyu viatu. Mdogo wangu alipendeza kuliko ile nguo ya fundi, nakwambia kweli. Yule mama wa Gamba nilimrudia baadaye na mchele na leso mpya, na sasa tunapigiana simu kila Idi.

Dereva wa Usiku na Mchana
Mama wa Mapacha ameeleza vizuri sana na mimi nilikuwa kwenye foleni ile, upande wa pili, na lori la simenti. Mwenye mada, jambo moja ulishike. Mafuriko ya Tana hayatokani na mvua ya Garsen. Mvua inanyesha Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa ya juu, Masinga na wenzake, yakijaa yakamwagika, maji yanateremka siku kadhaa mpaka yanakufikia wewe jua likiwaka. Kwa hivyo usitazame mbingu ya Malindi. Wiki moja kabla ya safari sikiliza habari za Masinga. Ukisikia bwawa limejaa, Lamu iahirishe, uanze na Tsavo.

Asiyelala
Desemba vuli bado. Asiende kabisa. Januari mpaka Machi ndiyo miezi ya kusafiri.

Dereva wa Usiku na Mchana
Januari watoto wako shule, kaka.

Mpenda Lami
Mnamtisha mtu bure. Barabara ya Garsen hadi Lamu sasa ni lami, zamani ilikuwa udongo mtupu mpaka uti wa mgongo unauma. Mimi natoka Malindi alfajiri, adhuhuri naswali Lamu.

Kondakta Mstaafu
Lami ipo lakini ukaguzi pia upo, na uhesabu muda wake. Baada ya Garsen kuna vizuizi vya usalama, watu wanateremka na kitambulisho mkononi, mizigo inapekuliwa. Bibi ashike kitambulisho chake mwenyewe kwenye mkoba, sio kiwe nyumbani kwa mtoto wake mkubwa. Njia hiyo ni ya mchana. Ondoka Malindi baada ya swala ya alfajiri, tangi umelijaza jana yake, na tairi la akiba umelijaza upepo ukahakikisha kwa macho. Nimeona watu na jeki lisilo na mpini.

Mpenda Lami
Au aliache gari apande basi tu. Gari lenyewe Lamu halivuki.

Kondakta Mstaafu
Akipanda basi atasimama wapi kuonyesha watoto ziwa Kenyatta pale Mpeketoni, na viboko? Msitu wa Witu? Gari aliache Mokowe panapolindwa, aulize bei kwanza, apate risiti.

Mpenda Lami
Viboko na watoto, haya.

Mzee wa Ngomeni
Wanangu, hamjaitaja Ngomeni. Ukitoka Mambrui, ukipita mashamba ya chumvi ya Gongoni, ingia kulia. Pale baharini Waitaliano walijenga jukwaa la kurushia roketi, San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa setilaiti ikaitwa Uhuru, ya kutazama miale ya nyota. Sisi watoto tulikuwa ufukweni. Kwanza moto, sauti ikaja baadaye, na mbuzi wa babangu wakakimbia wote. Mwanangu, waonyeshe wanao kutoka ufukweni ile mitambo majini, uwaambie kitu hicho kilitoka hapa petu.

Mtoto wa Sabaki
Mzee wangu shikamoo. Nimepita Gongoni maisha yangu yote na hiyo siijui. Imeingia kwenye mpango leo hii.

Nyari Kwetu
Ngomeni mchana, Marafa jioni, kulala kwetu. Imekaa sawa.

Asiyelala
Ngomeni jioni, Marafa asubuhi.

Bint Langoni
Wacheni ubishi, mzazi wa mtu anaumwa na magoti nanyi mwagombania jua. Kaka, mimi ni wa Lamu, tena Langoni. Ukifika Mokowe usikimbilie boti ya kwanza. Tazama maji. Yakiwa yamejaa, boti yaja juu karibu na ngazi na bibi aingia kwa hatua moja. Yakiwa yamekupwa, ngazi ni ndefu na zina utelezi, hapo kaeni mnywe madafu mngoje. Mwambie nahodha mapema una mzee, atatia watu wawili wa kumshika mikono.

Nyumba ya kukaa, tafuta chumba cha chini. Nyumba zetu ngazi zake ni za kusimama wima, wageni wote wanataka roshani na bahari, lakini mamako atashinda kifungoni juu huko. Akikaa chini, asubuhi atatoka barazani, watu watamsalimia, mpaka adhuhuri atakuwa ana mashoga. Ngome waione, ile iliyokamilika mwaka 1821, iko hapo hapo uwanjani, haina kupanda mlima. Shela mwende kwa boti, msitembee na mzee kwenye mchanga.

Na magofu ya Takwa, kule kisiwa cha Manda, msikubali kwenda ila na maji kujaa. Boti hupita ndani ya mikoko, kwenye mkono mwembamba wa bahari. Maji yakitoka mko ndani, mtalala na mbu. Nahodha mzuri atakwambia mwenyewe saa ya kurudi, na akikwambia "tutaona tu", mtafute mwingine. Mkija wakati wa bamvua ndiyo bora zaidi, maji hujaa sana.

Mama wa Mapacha
Bint Langoni kasema kweli. Na mnunue mkate wa mofa asubuhi, saa mbili umekwisha.

Mkaazi wa Barani
Tsavo jamani, mbona hakuna anayesema Tsavo?

Shamba la Korosho
Njia ya Sala kutoka Malindi, baada ya Kakuyuni ni vumbi na mabuyu, hakuna duka la maana, kila kitu nunua Malindi, maji mengi. Malipo ya mbuga hufanywa kwa simu, lipa ukiwa bado na mtandao. Ndani mfuate mto Galana, ndovu wale wekundu kwa udongo wanashuka kunywa. Maporomoko ya Lugard ni lazima, lakini watoto uwashike mikono, miamba inateleza na mamba wako chini yake. Na mto huo ndio huu huu Sabaki unaopita kwenye daraja lako, Mtoto wa Sabaki. Waambie.

Dereva wa Usiku na Mchana
Probox Sala wakati wa mvua hapana. Kukiwa kukavu inapita, polepole.

Mpenda Lami
Inapita hata mvua.

Dereva wa Usiku na Mchana
Nimevuta Probox kule kwa kamba. Hapana.

Mtoto wa Sabaki
Nimewasomea nyumbani yote, kwa sauti. Mamangu alinyamaza kwenye habari ya Mama wa Mapacha, kisha akasema Lamu anakwenda, mafuriko ameyaona tangu 1961. Kwa hivyo Ngomeni na Marafa siku ya kwanza, tunalala Marafa. Lamu nangoja habari za Masinga. Gede siku yake. Tsavo tutaamua mvua ikionekana. Bint Langoni, bamvua ya Desemba inaangukia lini, nipange siku ya Takwa?

Bint Langoni
Tazama mwezi, kaka. Mwandamo na mwezi mpevu, na siku mbili tatu baada yake. Ukishapata tarehe za kufika niandikie hapa, nimuulize baba.