AutoCAD: nina mzingo tu, duara nalichoraje?

fundi_kona
Habari za jioni wakuu. Nina kazi ya bekari moja huku Morogoro, bomba la moshi la tanuri limetoboa paa na mvua ikinyesha maji yanateremka na bomba mpaka juu ya tanuri. Nataka nichore kola ya pleti ya mm 3 nikakatiwe kwa mashine ya plazma (inakata chuma kwa moto mkali). Shida bomba lishasimama na juu lina kofia, kipenyo sikifikii, nikazungusha tepu ya fundi cherehani nimepata mzingo 1240 mm. Sasa AutoCAD (programu ya kuchorea kwenye kompyuta) nikiandika CIRCLE inataka center halafu radius au diameter, sehemu ya mzingo siioni kabisa. Kuna komandi yake au ndo mpaka nishike kalkuleta? Na hapo kwenye kalkuleta nikigawa kwa 3.14 napata 394.9, nikigawa kwa 22/7 napata 394.5, nishike ipi?

mchora_ramani
Kalkuleta weka mfukoni mkuu. Chora duara lolote lile, saizi yoyote, ila center iwe pale unapotaka. Lichague, bonyeza Ctrl+1, dirisha la Properties litafunguka, shuka mpaka Geometry utaona Radius, Diameter, Circumference na Area. Kwenye Circumference futa iliyopo andika 1240 piga Enter, duara linajirekebisha lenyewe na center haihami. Hata siku mtu akikupa eneo tu bila kipimo kingine unafanya hivyohivyo kwenye Area.

Babu Lisp
Ya mchora_ramani ni sahihi ila ukiwa na maduara mengi utachoka. Fanya hivi, CIRCLE, bonyeza center, ikikuuliza radius andika

(/ 1240.0 (* 2 pi))

na mabano yake yote, Enter. Hiyo pi programu inaijua tayari, ni pai yenye desimali za kutosha, ndo maana huna haja ya kugombana na 3.14 na 22/7. Jibu la kweli ni kipenyo 394.7, hizo zako mbili zimekaa huku na huku kwa milimita 0.2 tu, plazma haiwezi hata kuuona huo utofauti. Ila kama unatumia LT (AutoCAD ile iliyopunguzwa) ya kabla ya 2024 hii haitafanya kazi, LT zile za zamani hazina LISP, yaani lugha ya hayo mabano, rudi kwenye Properties.

kijana_3D
Mimi natumia SketchUp, programu nyingine ya kuchorea, nadhani ni rahisi zaidi, unaandika tu nusu kipenyo 197.35 basi

Babu Lisp
@kijana_3D angalia sana hapo. Duara la SketchUp si duara, ni umbo la pande 24 usipobadilisha. Kona zake ndo zinafika 197.35, katikati ya kila upande ni kama 195.7, kwahiyo tundu litabana bomba kwa milimita 1.7 sehemu 24. Ukishachukua kifaa cha duara andika kwanza 96s Enter, ndo uchore.

Binti Karakana
Jamani mbona mnahangaika na pai tu, hakuna anayemuuliza huyu kaka paa lake lina mteremko kiasi gani?? Bomba limesimama wima, pleti inalala na bati. Tundu la kwenye pleti haliwezi kuwa duara, ni duaradufu. Kata chupa ya plastiki kwa mshazari uangalie mdomo wake utanielewa. Upana unabaki kipenyo cha bomba, urefu wa kufuata mteremko unakuwa kipenyo gawanya kwa kosaini ya nyuzi za paa.

Na vitu vingine niviseme kabisa. Tepu ya cherehani inavutika, na unene wake nao unajiongeza kwenye kipenyo, nusu milimita hivi, si tatizo. Uzuri wa kupima mzingo ni kwamba ukikosea mm 3 kwenye tepu kipenyo kinakosea mm 1 tu. Ila kama tepu ilipita juu ya mshono wa weldingi hapo umepima na mshono. Na bomba lililokunjwa kwenye rola mara nyingi halijakaa duara vizuri, mzingo utakupa wastani, utaona hesabu imekubali halafu pleti inagoma upande mmoja. Mimi huwa naacha nafasi mm 5 kila upande, na chuma kikishika moto kinatanuka kidogo pia.

fundi_kona
Duh dada umeniokoa, hilo la mteremko sikulifikiria. Nimepima kwa simu inasoma nyuzi 15. Nimefanya hesabu na nafasi ya mm 5 ndani yake, 394.7 jumlisha 10 ni 404.7, nikigawa kwa kosaini ya 15 napata 419. Yaani ELLIPSE ya 404.7 kwa 419?

Binti Karakana
Ndiyo hiyo. Ule mrefu uelekee juu-chini ya paa, ukiugeuza umeharibu pleti. Halafu bomba lishasimama na lina kofia, pleti nzima utaipitishia wapi? Gawa nusu mbili, ya juu ilalie ya chini kama bati zinavyolaliana, na ukingo wa juu kabisa uingie chini ya bati. Ile nafasi ya mm 5 utaifunika kwa kola nyingine ndogo juu yake inayobana bomba. Hiyo ndogo inakaa pembe mraba na bomba, kwahiyo hapo ndo 1240 yako inatumika kama ilivyo, duara kamili, na silikoni ya kuhimili moto pembeni.

Mm 3 ni nzito bila sababu, mita moja ya mraba ni kilo 23 na nusu juu ya bati. Tumia 1.5.

mchora_ramani
Nyongeza ndogo, mashine nyingi za plazma huku mtaani zinachanganyikiwa na ELLIPSE kwenye faili la DXF (faili la mchoro unalopeleka kwenye mashine), zingine zinairuka kabisa. Kabla hujachora andika PELLIPSE weka 1, itachora duaradufu kama polyline, yaani vipande vya mstari vilivyoungana, ambayo mashine inaisoma. Na muulize jamaa wa plazma kama upana wa moto (chuma kinacholiwa na moto wakati wa kukata) anaufidia yeye kwenye mashine, akisema ndiyo usiguse vipimo vyako.

fundi_kona
Poa mkuu, PELLIPSE nimeiweka. Mimi natumia LT ya 2021 ile LISP ya babu imegoma kweli, Properties imekubali. Kesho asubuhi napeleka faili kwa jamaa.